Kununua Upepo

Mama hugonga ukuta mara mbili akitaka maji, mara tatu akitaka kugeuzwa, na mara moja, kwa kishindo, akitaka ninyamaze. Ukuta wenyewe si kitu. Ni mawe na udongo uliopakwa chokaa, nyumba ya Kiswahili ya zamani hapa Majengo, Mombasa, vyumba sita na ukumbi katikati, na anayekohoa chumba cha mwisho humwamsha wa chumba cha kwanza. Mama alipata kiharusi miaka mitatu iliyopita. Chumba chake na changu vyagusana. Nami ni mchoraji wa tuktuk na matatu, na kazi yangu, kwa bahati mbaya, yataka mashine ya upepo.

Naandika haya kwa sababu haupiti mwezi bila kijana kunijia na swali lile lile: "Kaka, ninunue kompresa gani?" Humjibu kwa maneno mawili matatu, kisha akishaondoka najuta, maana jibu la kweli ni refu na limenigharimu. Leo nalitoa lote.

Kwa ambaye hajaiona, eabrashi ni kitu kama kalamu ya wino, chuma kitupu, yenye kikombe kidogo juu yake. Ndani mna sindano. Ukibonyeza kitufe, upepo hutoka; ukikivuta nyuma, sindano hurudi kidogo na rangi hutoka pamoja na upepo ule, ikiwa vumbi laini. Tundu la mbele ni dogo ajabu, milimita 0.2 au 0.3, pengine 0.5. Brashi ya manyoya huacha njia ilimopita. Eabrashi haigusi ubao hata mara moja, na ndiyo maana yaweza kulifanya shavu la mtu lipande kutoka kwenye kivuli hadi kwenye mwanga na usione wapi kimeishia kimoja na wapi kimeanza kingine. Wenzangu wengi wadhani ni kitu cha juzi cha matatu za Nairobi. Kumbe Mmarekani mmoja wa Iowa, Abner Peeler, alikuwa akihangaika nacho tangu miaka ya 1870, na mwishoni mwa miaka ya 1910 Man Ray alikuwa akichora nacho picha za kuning'inizwa ukutani, watu wakamwambia huo si uchoraji, ni kazi ya mashine. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka. Nami nimeambiwa hivyo hivyo, na mtu aliyekuwa ameketi ndani ya tuktuk niliyoichora mimi.

Sasa basi, eabrashi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni upepo, na upepo ndio usioonekana dukani. Kijana hutoa pesa zake zote kununua kalamu nzuri inayong'aa, halafu akauliza upepo kwa chenji iliyobaki. Mimi nilifanya hivyo hivyo.

Upepo wangu wa kwanza ulikuwa wa gurudumu. Gurudumu zima la gari, tairi na rimu yake, nililopewa na mjomba. Nilikuwa nalibingirisha hadi kituo cha petroli, natiliwa upepo, nalibingirisha kurudi, nafunga paipu kwenye valvu, nachora. Msicheke, yafanya kazi. Halina kelele, halitaki umeme, na upepo wake ni mtulivu kama maji ya birika. Shida ni kwamba unaanza na psi 35, dakika chache baadaye una 20, kisha 12, na kila presha inaposhuka rangi inazidi kutoka kwa chembe kubwa. Nyusi unazianza kama nyusi, unazimaliza kama mchanga. Tena kijana wa petroli alinichoka. Siku moja aliniuliza, "Hili gari lako lina tairi moja tu?"

Nikahamia kwa fundi wangu, mzee mmoja wa kupaka bodi kule Mwembe Tayari. Yeye alikuwa na kompresa ya kweli: tangi la lita 100, mota pembeni, mkanda unazunguka, na sauti ambayo ukiisikia mara ya kwanza wadhani pana ajali. Mashine kama hizo hupandisha hadi bar 8, yaani zaidi ya psi 110, nasi wa eabrashi twahitaji 15 hadi 30. Ni kama kumwagilia mche kwa gari la zimamoto. Lakini upepo ni upepo. Ukiweka regyuleta nzuri waweza kuushusha hadi unapotaka. Nilichora pale mwaka mmoja na nusu. Niliyemwona pale, hata hivyo, ni fundi mwenyewe. Ukimsemesha upande wa kushoto hakusikii. Miaka thelathini amesimama kando ya mashine ile, na sikio lililokuwa upande wake limekwenda. Yeye hukuambia ni uzee. Sikio la kulia halijazeeka.

Kisha Mama akaanguka, na gereji ikanishinda. Mke wangu huuza mahamri asubuhi na kushona mchana; zamu ya usiku ni yangu. Gereji hufungwa magharibi. Nikalazimika kuileta kazi nyumbani, na hapo swali la kompresa likawa si swali la mafundi tena. Likawa swali la ukuta.

Ya kwanza niliyonunua ilikuwa ndogo, nyepesi, ya kubebwa kwa mkono mmoja. Muuzaji aliniambia haina kelele, na kweli haikuwa na kelele nyingi, ilinguruma tu kama mashine ya kunyolea. Elfu sita. Nilijiona mjanja. Ndani yake hamna pistoni ya maana wala tangi. Mna kiwambo cha mpira kinachopiga juu na chini, na kila kinapopiga hutoa pumzi moja. Pumzi, pumzi, pumzi. Upepo wake wahema. Ukivuta mstari mrefu mwembamba utauona umejaa vifundo kama uzi uliosokotwa na mtoto. Na kwa kuwa haina tangi, haipumziki: unapochora inazunguka, usipochora inazunguka, na baada ya dakika ishirini huwezi kuishika kwa moto.

Hayo ningeyavumilia. Lililonitia adabu ni maji.

Ulikuwa mwezi wa nne, masika yamekaribia. Anayeijua Mombasa mwezi wa nne ajua: chumvi hukataa kutoka kwenye kichupa, na nguo iliyoanikwa asubuhi hubaki mbichi hadi jioni. Alinijia mwenye tuktuk mmoja. Nduguye alikuwa amefariki mwezi ule, na tuktuk ile waliiendesha wao wawili kwa zamu. Alitaka uso wa nduguye kwenye kifuniko cha nyuma. Akaking'oa kifuniko chenyewe akaniletea nyumbani, pamoja na picha ya pasipoti, moja tu, imekunjwa pembeni. "Ndiyo tuliyo nayo," aliniambia. "Hakuwa mtu wa kupigwa picha."

Nikafanya kazi siku tatu usiku. Uso ulikuja. Sijisifu, ulikuja kweli, hata mke wangu aliyekuwa hamjui alisimama mlangoni akasema huyu alikuwa mcheshi. Usiku wa nne nilibakisha mwanga wa jicho la kulia na kivuli chini yake. Kazi ya nusu saa. Mwenyewe angekuja saa moja asubuhi na mama yake. Mashine ilikuwa imekwisha kuwaka moto. Nikasogeza eabrashi karibu, sentimita mbili hivi, nikabonyeza, na badala ya vumbi likatoka tone. Maji. Likapiga chini ya jicho, likachukua rangi ambayo haijakauka, likateremka nayo hadi kidevuni.

Nilichukua kitambaa. Msichukue kitambaa kamwe. Nikafuta, na shavu zima likaja.

Saa moja walikuja. Sikuwa nimelala. Kile kifuniko nilikuwa nimekilaza kifudifudi, nikitaka kuwaeleza kwanza. Yule mama hakungoja kuelezwa, alikigeuza mwenyewe. Akautazama, akakilaza tena kama kilivyokuwa, taratibu, akamwambia mwanawe, "Twende." Hilo tu. Sikutukanwa. Ningependa ningetukanwa.

Baadaye ndipo nilipoelewa maji yale yalitoka wapi. Sikuwa na wa kumlaumu ila kutojua kwangu. Hewa ya pwani imejaa unyevu. Ukiibana, hupata moto, na ikiwa moto yaweza kuyabeba maji yake bila wewe kuyaona. Ikisafiri ndani ya paipu hupoa, na ikipoa huyatema. Kwa hiyo maji hayazaliwi kwenye mashine, yazaliwa njiani, karibu na mkono wako. Mashine isiyo na tangi ni mbaya zaidi, kwa kuwa hewa haipati mahali pa kutulia na kupoa, na mashine iliyochemka hutoa hewa ya moto zaidi. Filta ya maji iliyobandikwa pale pale kwenye mashine, kama ile yangu, hukamata kidogo tu. Mengine hupita yakiwa bado mvuke na kugeuka matone mbele yake. Mtu wa Nakuru au Eldoret aweza kuchora mwaka mzima asijue habari hii. Wa Mombasa ataijua masika ya kwanza.

Niliacha eabrashi miezi miwili. Nikarudi kuandika majina kwa brashi na rangi ya kopo. Kisha jirani yetu mmoja, fundi wa friji, akaniambia ana dawa yangu: kompresa ya friji. Kama hujawahi kuisikia, ni ile chupa nyeusi ya chuma nyuma ya friji. Mafundi wengi hapa Kenya huitoa kwenye friji iliyokufa, wakaifunga kwenye tangi, na kwa ukimya haina mpinzani. Nilienda kuisikiliza kwake. Nikaweka sikio, nikasikia mapigo ya moyo wangu kuliko nilivyoisikia yenyewe. Nilikaribia kulia kwa furaha.

Ila nilikuwa nimeshatiwa adabu, nikauliza maswali. Ndani yake mna mafuta, na mafuta hayo hupanda na upepo kidogo kidogo. Tone la mafuta kwenye undakoti ni baya kuliko tone la maji, maana rangi hulikimbia, hubaki duara tupu kama jicho la samaki. Lazima uweke filta ya mafuta na uyaongeze yanapopungua. Pili, ikizimika wakati paipu imejaa presha, haiwezi kuwaka tena mpaka presha ile itolewe. Tatu, friji nyingi za sasa hutumia gesi inayoshika moto, si kitu cha kukatakata na msumeno sebuleni. Na la nne ndilo lililonirudisha nyumbani mikono mitupu: tangi alilotaka kunifungia lilikuwa mtungi wa zamani wa gesi ya kupikia, umepigwa welding pembeni, hauna valvu ya usalama. Akaniambia, "Hii haina neno, yakhe, ninayo mwaka wa tatu." Huenda ni kweli. Lakini tangi lisilo na valvu ya kujitoa upepo likikataa kuzima halina onyo. Ningeliweka wapi? Upande wa pili wa ukuta alala Mama.

Basi nilikaa chini na daftari, nikajiuliza kama mtu anayenunua nyumba: nataka nini hasa, na nitaishi na nini?

Kijana anayeniuliza huanza na nguvu za farasi. Acha farasi. Tazama lita kwa dakika, kiasi cha upepo ambacho mashine hutoa. Eabrashi moja hunywa kidogo, lita kumi hadi kumi na tano kwa dakika hivi, kutegemea tundu na presha. Kompresa ndogo ya pistoni yenye lita 20 hadi 25 yakutosha na kubaki. Bunduki ya kupaka gari zima ni habari nyingine, hiyo yataka mamia ya lita, na hapo kweli nenda kwa mashine ya gereji. Usinunue moja ukidhani itafanya kazi zote mbili. Mimi nilishawishika: kompresa ya lita 50 ya duka la vifaa vya ujenzi haikupishana sana na hii ndogo kwa bei, na kila mtu aliniambia nichukue kubwa, nitapata kazi za gari zima, nitapanda. Walikuwa na haki. Pesa iko kwenye gari zima. Nilisimama mbele yake dukani, nikamwomba kijana aiwashe. Akaiwasha. Mteja aliyekuwa akinunua misumari aliziba masikio. Desibeli tisini na zaidi, na kila ukiongeza kumi sikio laona kama kelele zimekuwa maradufu. Nikajua hapo nachagua kati ya aina mbili za maisha, si kati ya mashine mbili, na moja ya hizo Mama hamo ndani yake. Nikamshukuru kijana, nikatoka.

Tangi, hata dogo la lita tatu, ni lazima. Ndilo linaloua ile pumzi-pumzi, ndilo linaloipa mashine nafasi ya kuzima na kupumzika. Ile niliyoipata hujizima ikifika bar 4, hujiwasha ikishuka hadi 3. Ukichora kwa kiasi, yalala nawe walala. Pistoni yake haitumii mafuta, kwa hiyo hakuna jicho la samaki. Yavuta wati 150 tu au hapo karibu, na anayenunua tokeni za umeme za mia mia ajua hilo lina maana gani. Sauti yake wauzaji huandika desibeli 47. Mimi nasema ni kama mtu anayesaga kahawa chumba cha tatu. Chini yake nimeweka kipande cha godoro la zamani, kwa kuwa mtetemo ndio unaopita ukutani kuliko sauti.

Niliinunua kuukuu kwa dada mmoja wa Nyali aliyekuwa akipamba keki nayo. Elfu kumi na moja, baada ya kuniombea shida zangu zote. Niliijaribu kwake kwa njia ambayo nakushauri uifuate: acha ijaze tangi, izime, funga kila kitu, tazama geji, kunywa maji, zungumza, tazama tena. Sindano ikiwa imeshuka bila wewe kutumia upepo, panavuja mahali. Kisha iwashe ifanye kazi robo saa uishike. Joto ni sawa, moto si sawa. Na fungua koki ya chini ya tangi uone yatokayo. Yakiwa maji meupe, mwenyewe ameitunza. Yakiwa ya kutu, ondoka.

Pesa iliyobaki sikununua kalamu nyingine. Nilinunua paipu ya mita sita, niliyoizungusha chini mara kadhaa ili hewa ipoe kabla haijanifikia, na filta mbili: moja kwenye mashine, moja ndogo chini ya mkono wangu, pale maji yanapozaliwa. Tangu siku hiyo sijatemewa tone. Na kitu kimoja zaidi kwa wenye wagonjwa au watoto nyumbani: ndani nachora kwa rangi za maji pekee, na barakoa juu. Ile rangi ya mwisho ya kung'arisha, ya kuchanganya na hadina, naipaka gerejini kwa fundi, nikiwa na barakoa ya filta za kaboni. Mvuke wake hauna huruma na mapafu ya mtu.

Kazi ya kwanza niliyoifanya na mashine hii haikuwa ya malipo. Nilikwenda kumtafuta yule mwenye tuktuk kwenye steji ya Kisauni, nikamwomba kile kifuniko. Alinitazama sana. Akasema kiko nyuma ya nyumba, wamefunikia pipa la maji. Akanipa, na ile picha akanipa tena. Mara hii nilichukua siku saba. Sitawaambia ulikuja vizuri kuliko wa kwanza. Haukuja. Ule wa kwanza ulikuwa na kicheko fulani ambacho sikuweza kukirudisha, na nimeshajaribu kwenye karatasi mara nyingi tangu hapo. Lakini huu ulikuwa mzima. Yule mama sikumwona tena. Mwanawe alinilipa nusu niliyokuwa nimeikataa, akaiacha juu ya kiti bila kusema.

Kila usiku, nikimaliza, naizima mashine, nafungua koki chini ya tangi. Upepo uliobaki hutoka kwa mluzi mrefu, na mwisho wake hutema maji, kijiko kimoja siku za kiangazi, vitatu au vinne wakati wa masika. Nayakinga kwa kikombe kilichovunjika mkono. Mama ameujua mluzi ule. Zamani akigonga mara moja kwa kishindo, nilijua nimemkera. Siku hizi anangoja mluzi uishe, kisha hugonga mara mbili, polepole, nami nampelekea maji.